Kano iliyoachia wiki ya tatu: jibu kwa mtoa tiba aliye peke yake mkoani

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo, nina stashahada na huu ni mwaka wangu wa pili kazini, katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Idarani tuko wawili, na wagonjwa wa mikono nimeachiwa mimi: waliokatwa panga, walioungua, walioanguka na bodaboda. Mwezi uliopita kijana aliyeshonwa kano za kidole cha pete aliletwa kwangu wiki ya tatu. Nilimfanyisha mazoezi ya kukunja, na kesho yake kidole kikawa hakijikunji tena. Daktari alisema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyekata kano yake. Tangu siku hiyo ananiletea wagonjwa wiki ya sita, vidole vimeshakakamaa. Nataka kuwa mtaalamu wa mikono hasa. Nisome wapi? Ni lazima niende nje? Na nifanyeje kazi na daktari asiyeniamini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma usiku, nikairudia asubuhi, kwa sababu neno uliloambiwa mbele ya watu nalijua uzito wake. Umeuliza maswali matatu, lakini kwangu mimi ni swali moja. Tiba ya mkono hujifunzi kwanza peke yako, halafu ukishaiva ndipo ukafanye kazi na daktari. Unaijifunza huko huko katika kufanya kazi naye, na muuguzi wa kidonda, na mgonjwa, na mama yake mgonjwa anayemkanda usiku. Kwa hiyo nitaanza na huyo kijana. Masomo yatafuata.

Kano iliyoshonwa, wiki za mwanzo, inashikiliwa na uzi. Mwili bado haujajenga kitu cha kutegemewa. Ncha za kano zinalainika kidogo kabla ya kuanza kuungana, na ndiyo maana wiki tatu za kwanza ni za hatari. Kazi nyepesi tunairuhusu taratibu kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, na mzigo mzito tunausubirisha mpaka wiki ya kumi na mbili hivi. Hayo uliyasoma chuoni. Ambalo pengine hukuambiwa ni hili: kano iliyokaa wiki tatu bila kusogezwa hata kidogo inakuwa imegandamana na ala yake. Ukimwambia mgonjwa akunje kwa nguvu zake, msuli unavuta, kano haitelezi, na mvuto wote unaishia pale kwenye mshono. Pasipo na nguvu ndipo panapoachia. Kijana wako alikuja kwako akiwa hatarini tayari. Hukuniandikia ulimkunjisha vipi, kama ni kwa mkono wako au kwa msuli wake, nusu ngumi au ngumi kamili, mkono mtupu au ukiwa na mpira wa kuminya. Nadhani nawe hukuandikiwa ndani ya kile kidole kulishonwa nini. Ninyi wawili, wewe na daktari, mlimtibu kijana mmoja kila mtu na nusu ya habari.

Jeraha lake, nadhani, liko katika ule ukanda wa pili, kuanzia mkunjo wa kiganja ulio karibu na vidole hadi katikati ya kidole, ambapo kano mbili zinapita pamoja ndani ya ala nyembamba, chini ya puli, yaani vile vikanda vinavyoishikilia kano karibu na mfupa. Kwa miongo mingi madaktari walishauriwa wasishone kano hapo siku ya kwanza. Sterling Bunnell, daktari wa Marekani ambaye wengi wanamhesabu kuwa baba wa upasuaji wa mkono nchini kwake, alipaita mahali pasipo na mwenyewe: funga ngozi, ngoja kidonda kipone, halafu pandikiza kano. Katika miaka ya 1960 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Kentucky, ndio waliogeuza mambo. Walishona mapema, wakafunga mpira mwembamba kutoka kwenye kucha hadi kifundo cha mkono, mgonjwa akawa ananyoosha kidole mwenyewe ndani ya splinti, kile kifaa kigumu cha kuushikilia mkono, na mpira unakirudisha. Mshono mzuri peke yake haukutosha. Ulihitaji mwendo uliopangwa na kusimamiwa, tangu siku za mwanzo. Nataka uishike habari hiyo vizuri, maana inaonyesha kazi yako si nyongeza ya kazi ya daktari. Katika ukanda ule, bila mwendo unaosimamiwa, kushona kwake kunaishia kwenye kidole kisichokunjika.

Na mimi niliwahi kumpotezea mtu kano. Mwaka wa tatu kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilipokea mama mshona nguo aliyekatwa na chupa. Kwenye fomu ya rufaa iliandikwa tarehe ya jeraha, basi. Nikahesabu wiki kutoka hapo, nikaona ameingia wiki ya sita, nikamvua splinti, nikamruhusu ashike mkasi wa nguo. Kumbe alikaa siku tisa wodini akisubiri zamu ya upasuaji. Hakuwa wiki ya sita, alikuwa hata ya tano hajaimaliza. Kano iliachia akiwa anakata kitenge. Tangu siku hiyo sigusi kidole cha mtu kabla sijaiona tarehe ya upasuaji kwa macho yangu, kwenye karatasi ya thieta, si kwenye fomu ya rufaa. Nikiikosa, nainuka naenda kuitafuta.

Pamoja na tarehe hiyo, yako mambo machache ambayo daktari anayajua na wewe huwezi kuyaona kwa nje. Kano ipi imeshonwa, ile inayofika ncha ya kidole, ile ya juu yake, au zote mbili. Nyuzi ngapi zimevuka mahali palipokatika, mbili au nne, maana mshono wa nyuzi mbili hauvumilii kile unachovumilia wa nyuzi nne. Puli zimeachwa nzima au zimefunguliwa. Mshipa wa fahamu umeshonwa pia? Mfupa je? Na la mwisho, ambalo wengi hawaulizi: alipokikunja na kukinyoosha kidole pale mezani, mshono uliteleza bila kukwama, na palionekana pengo? Huko kukwama au kuteleza ndiko kunakokuambia uanze na mwendo upi. Ukiyajua hayo, unajua pia splinti ya nyuma ya mkono uikate vipi, maungio ya ngumi yakunjwe kiasi gani, na vidole vinyooke kabisa ndani yake ili ungio la kati lisije likabaki limejikunja, kama lilivyowabakia wengi waliofungwa mpira bila kusimamiwa.

Njia ya kuyapata haya ni kuingia thieta. Muombe daktari, kwa heshima na kwa maneno mafupi, akupe nafasi usimame pembeni siku ana kano. Utavaa nguo za kijani, utasimama mbali na meza, hutagusa kitu. Mara ya kwanza niliporuhusiwa, daktari alivuta ncha ya kano kwa koleo nikaona kitu cheupe kinachong'aa, chembamba kuliko nilivyokuwa nikikifikiria miaka yote ile nikivuta vidole vya watu. Akakinyoosha kidole taratibu, na uvimbe mdogo wa mshono ukagonga ukingo wa puli, ukasita, ukapita. Sekunde moja tu. Niliporudi kwenye chumba changu, mikono yangu haikukunja tena kidole cha mtu kwa namna ile ya zamani.

Kuna jambo la miaka ya karibuni linaloturahisishia. Donald Lalonde, daktari wa Saint John huko Kanada, ameeneza namna ya kupasua mkono mgonjwa akiwa macho, kwa dawa ya ganzi iliyochanganywa na adrenalini inayopunguza damu, bila kufunga ule mkanda wa kubana mkono. Mgonjwa halali. Daktari akimaliza kushona anamwambia akunje, na wote wanaona kama mshono unashika. Kwetu, ambako mtoa dawa za usingizi ni mmoja na foleni ni ndefu, hilo linaweza kumtoa mgonjwa wodini mapema. Kwako wewe lina faida nyingine: mgonjwa anaona kidole chake kikijikunja, na ukiwa umesimama pale unaweza kumweleza pale pale kwamba atakisogeza lakini hatakitumia. Mtu aliyeyaona kwa macho yake haumhubirii tena kuhusu kubeba ndoo. Lakini uamuzi wa kufanya hivyo ni wa daktari na mafunzo yake. Wewe omba kuwepo tu.

Sasa huyo daktari wako. Usiende kumjibu yale ya mbele ya watu, na usimkamate koridoni. Nenda na kitu mkononi. Chukua kadi ngumu, ile ya kliniki, igawe mstari kwa mstari: tarehe ya upasuaji juu kabisa kwa kalamu nyekundu, halafu kila anapokuja mgonjwa uandike wiki ya ngapi, digrii za kila ungio kwa goniometa (kile kipimo cha pembe), uvimbe, ganzi, na ulimfanyisha nini. Usiandike "anaendelea vizuri". Daktari hawezi kufanya lolote na neno hilo. Mwandikie namba.

Tumia hesabu ya Strickland, ya kupima kidole kimerudisha mwendo kiasi gani, ni nyepesi. Unajumlisha mkunjo wa ungio la kati na la ncha, unatoa digrii ambazo maungio hayo yameshindwa kunyooka, unagawanya kwa 175, unazidisha kwa mia. Mfano: ungio la kati linakunja 70, la ncha 30, jumla 100. La kati limekosa kunyooka 15, la ncha 5. Inabaki 80, ambayo ni kama asilimia 46. Wiki tatu baadaye la kati linakunja 90 na limekosa 10, la ncha linakunja 40 na linanyooka lote. Inabaki 120, sawa na asilimia 69. Mistari miwili hiyo, ukiiweka mezani kwa daktari wa mifupa mwenye wagonjwa arobaini nje, anaisoma kabla hujavuta kiti. Na siku namba ikishuka badala ya kupanda, mkabidhi vile vile, siku ile ile. Nafikiri hapo ndipo imani inapojengwa, pale unapompelekea habari mbaya mapema kabla mgonjwa hajampelekea yeye.

Halafu muombe jambo moja tu, usimwombe matano. Muombe mgonjwa wa kano afike kwako kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, siku ya tatu hadi ya tano baada ya upasuaji, hata kama ni kwa ajili ya splinti tu. Akikubali kwa mgonjwa mmoja, mtunze huyo mmoja kama yai. Wapo pia madaktari vijana walio kwenye mafunzo ya upasuaji. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha kanda yetu, COSECSA, makao yake yapo Arusha, na wanafunzi wake wametawanyika katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Hao wana njaa ya kujifunza kama wewe. Ukimwonyesha mmoja jinsi kidole alichokishona kinavyokwenda wiki ya nne, atakutafuta yeye mwenyewe mara nyingine.

Usiwasahau masista wa chumba cha vidonda. Nimeona splinti nzuri ikitupwa kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu bandeji mpya ilikuwa nene haikuingia, na mgonjwa akarudi nyumbani mkono mtupu. Panga siku ya kidonda na siku ya mazoezi iwe moja, mketi benchi moja, wewe ushike mkono wakati sista anasafisha. Kwa walioungua ni zaidi. Vidole vikifungwa pamoja kama mkate, vinaota pamoja. Mkono wa kuungua unahitaji maungio ya ngumi yakunjwe digrii 70 na zaidi, vidole vinyooke, kifundo kiinuke kidogo kwenda nyuma, na kila kidole kifungwe peke yake. Mfundishe sista wa zamu ya usiku, maana usiku ndipo kovu linapovuta na wewe haupo.

Na nyumbani kuna bibi au shangazi mwenye maji ya moto na chumvi. Kukanda ni namna yetu ya kupenda mgonjwa, sikukatazi kuiheshimu. Lakini kidole cha kano kikikandwa na kuvutwa wiki ya pili, kinaachia, na kilichovimba kinavimba zaidi. Mwite huyo shangazi aje siku ya splinti. Usimwambie tu asikande. Mpe kazi ya kufanya badala yake. Mpe kazi ya kuuinua mkono juu ya moyo kwa mto, kazi ya kuhesabu mazoezi kila saa, na baadaye, kidonda kikishafunga, mwonyeshe kusugua kovu kwa mafuta, kwa kidole gumba, taratibu. Mikono yake haitakaa bure, mpe ya kufanya.

Kwa mgonjwa aliye mbali, ambaye nauli ya kurudi kila wiki inamshinda, tumia simu. Picha mbili, ngumi na mkono ulionyooka, zimepigwa kwa ubavu. Muombe ruhusa kwanza na usitume uso wala jina lake kwa mtu yeyote. Siyo sawa na kupima, lakini kidole kilichosimama ghafla utakiona.

Kuhusu kusoma. Marekani wana cheti cha mtaalamu wa mkono, mtihani wake ulianza mwaka 1991, na ili uukalie lazima uwe na miaka mitatu kazini na saa 4,000 za kutibu mikono. Cheti hicho kimejengwa juu ya leseni na mfumo wa kule, usikifanye kuwa lango lako la kwanza. Lakini kipimo chao kiazime. Ukitibu mikono tu, saa 40 kwa wiki, saa 4,000 ni wiki mia moja. Wewe ukipata saa kumi kwa wiki katikati ya wagonjwa wa kiharusi na watoto wenye mtindio wa ubongo, ni wiki mia nne, karibu miaka minane. Kwa hiyo mweleze mkuu wa idara, kwa hesabu hiyo hiyo kwenye karatasi, mtenge siku mbili za mikono kwa wiki. Anza daftari la saa leo.

Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Pretoria kina stashahada ya uzamili ya tiba ya mkono, na Afrika Kusini wana chama chao cha wataalamu hao. Kabla ya kufikiria nauli ya Pretoria, omba wiki nne za kukaa na wenzako hospitali ya KCMC, Moshi, au Muhimbili kwenye taasisi ya mifupa, kwa barua rasmi ya mganga mfawidhi, na uende na kesi zako ulizoandika, tano hata kumi, zikiwemo zilizoharibika. Lipo pia shirikisho la kimataifa la vyama vya watoa tiba ya mkono, lililoundwa mwaka 1987. Kongamano lake hufanyika kila miaka mitatu pamoja na lile la madaktari wa upasuaji wa mkono: Berlin mwaka 2019, London 2022, Washington 2025. Nakutajia si kwa sababu utakwenda mwakani. Ona tu kwamba hata huko wanakaa ukumbi mmoja na madaktari.

Usingoje vifaa. Ile plastiki ya kulainishwa kwenye maji ya moto ni nzuri, lakini POP, ile plasta ya jasi, inatosha splinti ya kano, ukiipaka vizuri na kuikausha. Na kwa ungio la kati lililojikunja na kukakamaa, hakuna ninachokipenda kuliko kijihogo chembamba cha POP kidoleni, kinachobadilishwa kila baada ya siku chache, kila mara kidole kikiwa kimenyooka zaidi kidogo. Paul Brand, daktari aliyefanya kazi na wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, alitegemea sana njia hiyo, katika mazingira yaliyofanana na ya kwetu zaidi kuliko ya Louisville. Wale wa wiki ya sita wanaoletwa kwako wamekakamaa, anza nao hivyo. Pima digrii kabla ya hogo la kwanza na baada ya la mwisho, umpelekee daktari.

Nimemwacha kijana wako mpaka mwisho kwa sababu bado ana nafasi, na nafasi hiyo iko kwako. Mtafute wiki hii. Mpeleke kwa daktari pamoja, wewe ukiwa umesimama naye. Ikiwa ni mapema inawezekana kushonwa tena. Ikiwa muda umepita, inawezekana kupandikizwa kano baadaye, pengine kwa hatua mbili. Vyovyote watakavyoamua, daktari atahitaji kidole ambacho maungio yake ni laini, kinachokunjwa chote na mkono mwingine. Kidole kikikakamaa sasa, nafasi hiyo inafungwa. Kwa hiyo mfundishe kukunja kidole kwa mkono wake wa pili, mara kumi kila saa, na kukinyoosha chote. Kwenye kadi andika mkunjo unaoupata wewe kwa kumkunja, sio anaoupata yeye, na chini yake andika tarehe ya upasuaji wa kwanza na siku kidole kilipoachia. Kisha iweke mezani kwa daktari.